Kujikubali au Kustahiwa? Tahakiki ya Istilahi za Unene

Kazi ya istilahi haiishi siku neno linapopatikana. Neno likishapatikana, hapana budi litazamwe linatenda nini vinywani mwa watu: linamtaja nani, linampa nani kazi, na linamwondolea nani lawama. Makala haya yanakusudia kuyapima kwa kipimo hicho maneno ambayo Kiswahili kinayatumia hivi sasa kutaja unene wa mwili wa binadamu, pamoja na yale yaliyoingia kwa njia ya tafsiri kutoka katika harakati za kupinga dharau wanayofanyiwa watu wanene.

Jambo hili si dogo kama linavyoweza kudhaniwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa na unene wa kiwango ambacho matabibu hukihesabu kuwa maradhi. Nchini Tanzania, uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kipimo, au unene wa kiwango hicho. Watu hao ndio wasomaji wa vipeperushi tunavyovifasiri, ndio wanafunzi wa madarasa tunayoyafundisha, na ndio wananchi wanaosimama mbele ya meza zetu maofisini.

Hoja yangu kwa ufupi ni hii. Kiswahili kina maneno ya kawaida ya unene, kina maneno ya dhihaka, na kina maneno ya tiba. Nasi tumeyachanganya, hata neno la mzaha likaandikwa katika karatasi ya zahanati. Kisha juu ya machafuko hayo tumeongeza istilahi ya "kujikubali", ambayo imeligeuza dai la haki kuwa zoezi la moyo wa mtu mmoja mmoja.

Dai lilivyoanza

Mfasiri hawezi kulihukumu neno bila ya kujua lilitoka wapi. Mwaka 1969 nchini Marekani kiliundwa chama cha taifa ambacho jina lake la kwanza, likifasiriwa, lilikuwa chama cha kuwasaidia Wamarekani wanene. Baadaye chama hicho kilibadili jina lakini kikazihifadhi herufi zake za kifupi, NAAFA. Jina jipya, likifasiriwa, ni chama cha kuendeleza kukubaliwa kwa unene. Tofauti ya majina hayo mawili yafaa kuangaliwa kwa makini. Katika jina la kwanza mtu mnene ni mhitaji anayesaidiwa. Katika la pili hakuna mhitaji; liko jambo ambalo jamii inatakiwa kulitenda, nalo ni kukubali.

Jambo jingine la kuangaliwa ni neno ambalo halikubadilika. Kiingereza kina maneno mengi ya adabu ya kuzungukia unene, lakini waanzilishi walishika lile fupi kuliko yote, ambalo watoto hutukanana nalo shuleni. Walilichukua makusudi, wakitaka liwe neno la kueleza tu, kama vile mrefu au mfupi. Mwaka 1973 Judy Freespirit na mwenzake Aldebaran waliandika ilani ya ukombozi wa watu wanene. Ilani hiyo ilidai haki sawa katika nyanja zote za maisha na kuzishutumu biashara za kupunguza uzito kwa kuchuma faida kutokana na aibu za watu. Mwaka 1976 jimbo la Michigan lilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi katika kazi na makazi, na uzito na kimo vikatajwa humo pamoja na rangi, dini na jinsi. Jiji la New York nalo lilipitisha sheria yake ya kukataza ubaguzi wa uzito na kimo mwaka 2023.

Basi dai lilianza likiwa dai la ajira, la nyumba, la matibabu na la sheria. Ni kweli kwamba baadaye, lilipoingia katika magazeti ya urembo, matangazo ya biashara na mitandao ya kijamii, lilibadilika likawa mawaidha ya kupenda umbo lako na kujiamini mbele ya kioo. Kiswahili kimelipokea katika sura hiyo ya mwisho. Hatukufasiri madai ya mwaka 1969 wala ya 1973. Tulifasiri maneno ya tangazo la sabuni.

Maneno tuliyo nayo

Hata hivyo Kiswahili hakikuwa maskini kabla ya tafsiri hizo. Neno letu la msingi ni sifa "-nene", nalo halina ubaya wowote ndani yake. Twasema kitabu kinene, ukuta mnene, sauti nene, na mtu mnene, bila ya kukisifu au kukilaumu kinachotajwa. Lugha pia imetenga vitenzi kwa adabu: binadamu hunenepa, mnyama hunona. Mbuzi aliyenona ni sifa kwa mfugaji, lakini mtu akiambiwa amenona atajua kuwa ametazamwa kama kitoweo. Yapo tena maneno ya upole: amejaa mwili, ana mwili, ameongezeka, amenawiri. Mzee akikutana na kijana wa ndugu yake baada ya mwaka mzima akamwambia "umenawiri, mwanangu," hajamtukana. Amemshukuru Mungu kwa ajili yake.

Maneno ya dhihaka yana tabia nyingine. "Bonge" asili yake ni fumba la kitu: bonge la ugali, bonge la udongo. "Pande la mtu" ni kipande kilichokatwa kutoka katika kitu kikubwa. "Tipwatipwa" ni mwigo wa nyama inayotikisika. "Kiribatumbo" imeundwa kwa kiriba, yaani mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, na tumbo. "Jimama" ni mama aliyeingizwa katika hali ya ukubwa, ambayo kwa kawaida hubeba dharau pamoja na ukubwa wenyewe. Watu wembamba nao wana yao: ng'onda, ambaye ni samaki aliyekaushwa, kimbaumbau, ufito, mifupa mitupu.

Ukiyapanga maneno hayo pamoja utaona yanafanana katika jambo moja. Yote yanamwondoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu. Mnene ni mtu ambaye, pamoja na mambo mengine, ana unene. Bonge ni fumba ambalo, kwa bahati, linatembea. Ndiyo maana wapo wasemao "bonge lile limekuja" wala wasione kuwa wamevunja upatanisho wa kisarufi. Kwa mawazo yao hawajavunja, kwa sababu wanachokiona ni fumba.

Simaanishi kwamba neno "bonge" lifutwe. Twalisikia vijana wakisema bonge la wimbo na bonge la mchezaji, nayo ni sifa njema. Wapo pia wanaojiita Bonge kwa hiari yao, kama vile wanaharakati wa Marekani walivyolichukua neno la matusi likawa lao. Haki ya kujiita ni ya mwenye mwili. Lakini jina ambalo mtu amejichagulia mitaani si ruhusa kwa karani kumwita hivyo dirishani, wala kwa mwalimu kumwita hivyo mbele ya darasa.

Dharau ya pande mbili

Baadhi ya waandishi hudai kwamba dharau ya unene ni ugonjwa wa wageni, na kwamba Mwafrika tangu jadi aliupenda mwili. Dai hilo linapendeza lakini lina kasoro. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki unene umehesabiwa kuwa dalili ya shibe, amani na matunzo mema. Lakini jamii inayosifu unene aghalabu humshuku mwembamba. Mwanamke akikonda baada ya kuolewa, lawama humwangukia mumewe. Mtoto akiwa mwembamba, lawama humwangukia mama.

Shuku hiyo ilizidi sana UKIMWI ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, katika Uganda, wananchi waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na jina hilo likatumiwa hata na madaktari katika makala yao ya mwaka 1985 katika jarida la Lancet. Tangu hapo kila aliyekonda, kwa kisukari, kwa kifua kikuu au kwa huzuni, alisomwa mwili wake na majirani kana kwamba ni cheti cha hospitali. Wengine walijitahidi kunenepa ili tu wasisemwe. Basi unene uliosifiwa kwa sababu hiyo haukuwa umekubaliwa. Ulikuwa ni ushahidi wa kujitetea.

Wasomaji wa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, watakumbuka kwamba Kaizari anataka kuzungukwa na watu wanene, na anamwogopa Cassius kwa sababu ya wembamba wake na sura yake ya njaa. Shakespeare alijua kwamba mtawala anayesoma tabia katika kiuno cha mtu anaweza kusoma upande wowote. Na ijapokuwa Cassius kweli alikuwa mla njama, Brutus aliyemchoma kisu hakuwa ameshukiwa hata kidogo. Mwili ulimdanganya msomaji wake.

Katuni, vichekesho na filamu

Utamaduni wa umma ndio shule ambayo maneno haya hufundishwa kwa wepisi kuliko shule zote. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, wachoraji wa katuni walihitaji alama ya mnyonyaji ambayo mtu asiyejua kusoma angeitambua mara moja. Alama waliyoipata ni kitambi: bepari, kabaila na mkubwa mla rushwa walichorwa na tumbo lililotangulia mbele ya suti. Alama hiyo ilikuwa na mantiki yake, maana kitenzi "kula" katika Kiswahili hubeba pia maana ya kutwaa mali ya umma. Lakini alama ya tabaka ilikuwa pia alama ya mwili. Mpishi mnene, mkunga mnene na dereva mnene, ambao hawakumnyonya mtu, walijikuta wamevaa sare ya mnyonyaji.

Katika michezo ya kuchekesha ya redio, televisheni na filamu za video, mtu mnene huandikiwa kazi chache sana. Ni mlafi, au ni mvivu, au ni mwanamke mgomvi anayemkalia mumewe. Ni nadra kumwona akiwa mpelelezi, mchumba, hakimu au mwalimu, ambaye unene wake hautajwi kwa sababu si sehemu ya kisa. Filamu za Marekani zilizoonyeshwa katika vibanda vya video zilitia mkazo fundisho hilo. Katika The Nutty Professor ya mwaka 1996, na tena katika Norbit ya mwaka 2007, Eddie Murphy alivalishwa mwili bandia wa mtu mnene ili watu wacheke. Yafaa kusema kwa haki kwamba filamu ya kwanza inamwonea huruma mhusika wake mnene, na inaonyesha uchungu wake anapodhihakiwa ukumbini. Lakini huruma hiyo ni ya maneno na ya sura ya mchezaji. Msimulizi wa kibandani, ambaye ana nukta chache za kuisemea filamu kwa Kiswahili, akishika neno "bonge" kila mhusika anapoingia, huruma imekwisha na limebaki fumba. Hapo mfasiri ameamua nani achekwe.

Mfano wa kinyume unatoka Botswana. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith alianza kutoa riwaya za Bibi Ramotswe, mpelelezi mwanamke wa Gaborone. Mwandishi anamtaja kwa fungu la maneno lenye maana kwamba umbo lake limejengwa kwa kufuata desturi za jadi. Fungu hilo linachekesha, lakini anayechekwa si Bibi Ramotswe. Ni ulimwengu mpya unaodhani kwamba mwili una mtindo mmoja tu. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "mama mnene" atakuwa amesema kweli na kupoteza mzaha. Akiandika "jimama" atakuwa amegeuza mzaha umwangukie mwenyewe. Akiandika "mwanamke mwenye umbo la jadi" atakuwa amekaribia, maana "jadi" kwetu ni neno la heshima, na msomaji atatabasamu pamoja na Bibi Ramotswe badala ya kumcheka.

Neno la zahanati

Sasa tuingie katika tiba, ambako matokeo ya neno baya ni makubwa zaidi. Matabibu wana kipimo chao, ambacho hapa nitakiita uwiano wa uzito na urefu. Asili yake ni hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet za mwaka 1832, na jina linalotumika sasa kwa Kiingereza lilipewa na Ancel Keys na wenzake mwaka 1972. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa meta uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa meta 1.60 na uzito wa kilo 77 anapata 30. Kwa watu wazima, 25 hadi chini ya 30 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni ule unene unaohesabiwa kuwa maradhi, nao umegawanywa katika madaraja: la kwanza hadi chini ya 35, la pili hadi chini ya 40, na la tatu kuanzia hapo.

Wafasiri mbalimbali, hasa magazetini, wameliita jambo hilo kiribatumbo, utipwatipwa, na unene wa kupindukia. Majina mawili ya kwanza ni makosa hata kabla ya kuuliza kama ni matusi. Kipimo hakiangalii tumbo. Mwanamume anaweza kuwa na kitambi kikubwa na uwiano wa 27, na mwanamke anaweza kuwa na uwiano wa 32 bila ya kitambi. Wala kipimo hakiangalii kama nyama inatikisika. Kwa hiyo anayeandika "kiribatumbo" amemwambia msomaji jambo ambalo daktari hakulisema. Istilahi ya tiba hupimwa kwanza kwa usahihi, na maneno haya yanaanguka hapo.

Yanaanguka pia kwa upande wa adabu. Hebu mfikirie mama aliyekuja kupima shinikizo la damu, akapewa kadi iliyoandikwa "utipwatipwa". Neno hilo mara ya mwisho alilisikia katika kichekesho, au kwa wifi yake. Kadi inatoka kwa serikali, na kicheko kimetoka nayo. Je, atarudi mwezi ujao?

Najua pingamizi lililopo. Wapo watumishi wa afya wasemao kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba neno kali humshtua mtu akabadili mwenendo wake. Methali ni ya kweli, lakini haikutumika mahali pake. Yenyewe inamkanya mgonjwa asifiche. Nasi tukitaka asifiche, tusimpe sababu ya kuficha. Uchunguzi mwingi, hasa uliofanywa Marekani na Uingereza, umeonyesha kwamba watu wanaodharauliwa kwa uzito wao huchelewa kwenda kwa tabibu, na kwamba dharau haiwapunguzi uzito. Mwaka 2020 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida la Nature Medicine wakitaka dharau hiyo ikomeshwe, na miongoni mwa waliyoyataja ni lugha.

Isitoshe, sisi wenyewe tunayo mazoea. Mitaa iliwahi kuuita UKIMWI miwaya na ngoma, lakini karatasi za serikali hazikufuata mitaa. Ziliandika upungufu wa kinga mwilini, na baadaye zikasema watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Vivyo hivyo, vilema, vipofu na viziwi, ambao lugha iliwaweka katika ngeli ya vitu, sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 iliwaita watu wenye ulemavu. Hakuna aliyesema kwamba kwa neno hilo ulemavu umefichwa.

Kuhusu "unene wa kupindukia", neno hili ni afadhali kuliko yale mawili na limeenea sana. Lakini "kupindukia" ni kupita mpaka, na ni neno tunalolitumia kwa ulevi na uchoyo. Lina lawama ndani yake. Napendelea "unene uliokithiri", maana kukithiri ni kuwa kwingi kuliko kawaida, nalo hutumika kwa mvua kama kwa makosa. Mgonjwa na aandikwe "mwenye unene uliokithiri, daraja la kwanza", kama vile anavyoandikwa mwenye shinikizo la damu. Na neno hilo libaki zahanati. Mfasiri wa riwaya au wa ilani ya haki asilitumie, kwa sababu wanaharakati wengi wanakataa unene wao uitwe maradhi; kwao neno ni "mnene", na ndilo tuwape.

Kasoro ya "kujikubali"

Nimefika katika neno ambalo naliona lina kasoro kubwa kuliko yote, ingawa ndilo lenye sauti nzuri kuliko yote. Katika magazeti na vipindi vya wanawake, shabaha yote ya harakati hizi imefupishwa katika neno moja: kujikubali. Mtu mnene anahimizwa ajikubali, ajipende, asijali ya watu.

Tuutazame umbo wa kitenzi hicho. Katika "kukubali" yuko mtenda na liko linalokubaliwa. Kiambishi "-ji-" kinawafanya wote wawili kuwa mtu mmoja. Mnene ndiye anayekubali, na mnene ndiye anayekubaliwa. Mwajiri ametoka katika sentensi. Mwalimu ametoka, daktari ametoka, mtunzi wa vichekesho ametoka, na fundi aliyetengeneza viti vya basi ametoka. Dai lililoanza kwa kuikabili jamii sasa linamkabili mwenye kudai. Na kama bado anaumia akichekwa, kosa limekuwa lake, kwamba hajajikubali vya kutosha.

Sisemi kwamba kujikubali ni jambo baya. Mtu anayeuchukia mwili wake ana haki ya kusaidiwa auache uchungu huo. Lakini hilo ni jina la faraja, na haki inahitaji jina lake. Msichana mwenye sifa zote za kazi akinyimwa nafasi kwa sababu tangazo lilitaka "mwonekano wa kuvutia", na wenye ofisi wakautafsiri mwonekano kuwa kiuno, hawezi kuishinda kesi hiyo kwa kujikubali nyumbani.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na msingi bora kuliko tuliouazima. Wazee walisema: hujafa hujaumbika. Methali hiyo haimwambii mwenye umbo la kuchekwa ajipende. Inamgeukia anayecheka na kumwonya kwamba uumbaji wake mwenyewe haujakwisha. Kesho mwili wake utaweza kuwa ule anaoucheka leo. Kazi imewekwa mabegani mwa mtazamaji. Hapo ndipo pa kujenga istilahi yetu.

Mapendekezo

Kwa hiyo naleta mbele ya Baraza na wasomaji maneno yafuatayo yajadiliwe.

Kwa dhana ya kuwafikiria watu vibaya kwa sababu ya uzito wao, tuseme "dharau ya uzito". Na kwa tendo la kuwanyima haki kwa sababu hiyo, tuseme "ubaguzi wa uzito". Yafaa yatenganishwe, kwa maana dharau ni ya moyoni na sheria haiifikii, bali ubaguzi unaweza kushtakiwa. Maneno yote mawili yanamhusu mwembamba kama yanavyomhusu mnene.

Kwa tendo la kumcheka mtu kwa mwili wake, tuseme "dhihaka ya umbo". Nimeepuka "maumbile" kwa sababu neno hilo hutumika pia kwa staha kutaja viungo vya siri, na mfasiri hatapenda msomaji wake acheke mahali pasipotakiwa.

Kwa shabaha ya harakati zenyewe, badala ya kujikubali, tuseme "stahi ya mwili". Kustahi ni kumpa mtu heshima anayostahili, nako hudai watu wawili: anayestahi na anayestahiwa. "Kujikubali" libaki kwa mambo ya nafsi, mahali ambapo mwandishi wa asili amekusudia nafsi.

Kwa tiba, "uzito uliozidi" na "unene uliokithiri", pamoja na madaraja yake. "Kiribatumbo" na "utipwatipwa" yasiandikwe katika karatasi yoyote ya afya. Yabaki katika kamusi, yakiwa na alama ya kuonyesha kuwa ni ya dhihaka, kwa sababu kamusi inayoficha matusi haimsaidii mfasiri anayekutana nayo.

Kwa walimu, nina ombi la somo la ukubwa na udogo wa nomino. Jiti, jisu, jumba na kijumba vinatosha kuifundisha kanuni. Hakuna haja ya kumwinua mwanafunzi mnene awe mfano wa jitu. Na sifa "-nene" na "-embamba" zifundishwe kwa kamba, kwa vitabu na kwa miti. Mtoto aliyejifunza neno hilo akiwa anachekwa hatalisikia tena kuwa neno la kawaida, nasi tutakuwa tumelipoteza neno safi kuliko yote tuliyo nayo.

Maneno haya hayatawapa watu wanene ajira, wala hayatawatengenezea viti. Lakini mtu hawezi kushtaki jambo ambalo lugha ya mahakama yake haina jina nalo, wala hawezi kuieleza shida yake kwa tabibu kwa neno linalomtukana. Wafasiri na walimu waliokwisha kutumia maneno mengine kwa dhana hizi wayalete, yapimwe pamoja na haya.